Ritifaa ya Mwene

Sura ya pili ya tasnifu yangu ilirudi na duara moja jekundu kwenye ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimeandika, kwa Kiingereza, "the chief's land", ardhi ya mwene, nikimaanisha Ufipa nzima. Pembeni msimamizi wangu aliandika kwa Kiswahili: "Mwene yupi huyo?"

Nilidhani ni kosa la tahajia. Ningeisogeza ritifaa kulia, iwe "the chiefs' land", ardhi ya machifu wengi, kazi iendelee.

Kwa sisi tuliokulia Sumbawanga, ritifaa ni ya sauti. Ipo kwenye ng'ombe na ng'ambo, wala haimiliki kitu. Umiliki tunauonyesha kwa kufuata kinachomilikiwa: shamba la mwene, kiti cha mwene, ng'ombe wa mwene. Mwene katulia palepale, vitu vyake ndivyo vinavyobadili neno. Kifipa nacho kinafuata njia hiyo. Kwa Kiingereza ni kinyume, alama inabebwa na mwenye mali. Na hata huko haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Kiingereza cha kale kilitumia kiambishi -es kwa majina mengi. Ritifaa iliingia karne ya 16, kwa kuiga Kifaransa, kuonyesha herufi iliyoachwa. Wapo walioamini kabisa kwamba 's ni kifupi cha "his", kana kwamba kila mwenye mali ni mwanamume. Kanuni tuliyokaririshwa shuleni, kabla ya s kwa mmoja na baada ya s kwa wengi, ilitulia baadaye sana.

Haya, mmoja au wengi? Hapo nilikwama. Waingereza walipowafanya machifu kuwa mkono wa serikali, kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, Ufipa ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zote za ukoo wa Twa. Na nyuma ya Twa yupo Milanzi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, aliiandika simulizi yenyewe: wanawake wageni watatu walifika Milanzi mwene akiwa hayupo, wakakalia kiti chake, na utawala ukahama. Milanzi hakufukuzwa. Alibaki na mlima wa Itweelele na heshima ya aliyetangulia. (Wale wa "his" wangehangaika sana na wanawake hawa.) Sasa ritifaa niiweke wapi, wakati mwenye kiti na mwenye mlima ni watu wawili?

Nilipofika kwenye sheria ya ardhi ya 1923 ndipo nilipoona aibu. Sheria ile ilitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya Gavana. Mwene angeweza kumgawia mtu shamba, lakini kwenye karatasi za Dar es Salaam hakuwa mwenye nchi. Mwaka 1963 serikali huru ikafuta uchifu wenyewe. Ardhi ikabaki ya umma. Nukta yangu ndogo ya wino ilikuwa imempa mtu mmoja nchi ambayo wengine watatu wanaidai.

Jioni ile nikampigia bibi simu.

"Bibi, shikamoo. Lile shamba letu la bondeni, ni la nani hasa?"

"Marahaba. La babu yako." Akanyamaza kidogo. "Ila ntumba zake nimezipiga mimi. Kwa nini unauliza, kuna mtu kasema kitu?"

Ntumba ni yale matuta ya mviringo ya Wafipa, nyasi zikiwa zimefukiwa ndani zioze. Babu alifariki nikiwa darasa la tano, na bibi hajaacha kulima pale hata msimu mmoja. Nilimhakikishia hakuna aliyesema kitu.

Sentensi ile sasa ina mistari minne na haina ritifaa hata moja. Msimamizi amelalamika kwamba ni ndefu mno.