Saa za Ofisi, Kaunas 1940

Vijana wenzangu, sisi tunaoijua vizuri ile "njoo Jumatatu", tuisikie historia ya Kaunas, Lithuania. Julai 1940, Wayahudi waliotoroka Poland walijaa kwenye geti la ubalozi mdogo wa Japani. Wasovieti walishaamuru balozi zifungwe. Konseli Chiune Sugihara aliomba ruhusa Tokyo, akakataliwa. Basi akaacha kuangalia saa. Aliandika viza kwa mkono kutwa nzima, wiki baada ya wiki, zaidi ya 2,000, na moja ilitosha familia. Wengi walivuka Urusi kwa treni wakafika Japani. Juni 1941 Wajerumani waliingia Kaunas. Wayahudi waliobaki, wengi waliuawa. Kwa hiyo mtu akikuambia saa za ofisi ni jambo dogo, msimulie hii.