Historia Fupi ya Huduma za Pamoja za Bayoinfomatiki katika Utafiti wa Saratani

Neno saratani limetujia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kaa, kiumbe tumwonaye kila siku ufukweni. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huo kwa jina la kaa. Kansa tumeitwaa kutoka Kiingereza. Maneno hayo yote mawili yamekwisha kukubaliwa na wasemaji, wala hayampi mfasiri taabu. Taabu huanza anapotakiwa kuieleza bayoinfomatiki, yaani elimu ya kuhifadhi na kuchambua taarifa za viumbe kwa kompyuta, na hasa utaratibu wa watafiti wengi kutumia huduma moja. Kabla ya kupendekeza istilahi, hatuna budi kuitazama historia ya kitu chenyewe.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuangalia kwa makini uvimbe wa mataya uliowapata watoto. Aliandika barua na kupeleka picha katika hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama ugonjwa huo umeonekana huko. Mwaka 1961, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000 hadi Afrika Kusini, akizuru hospitali njiani. Majibu yalipochorwa katika ramani, ikadhihirika kwamba ugonjwa ulifuata sehemu zenye joto na mvua. Daktari mmoja mwenye wagonjwa wachache asingaliweza kuligundua jambo hilo peke yake. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi walivyoviona humo.

Basi barua, picha na ramani ndizo zilizokuwa huduma ya pamoja ya wakati ule. Kisha kazi ikazidi uwezo wa kalamu. Mwaka 1984 ulichapishwa mfuatano kamili wa virusi hivyo, wenye herufi 172,282 za kemikali. Mfuatano wa binadamu, ambao mradi wake ulitangazwa kukamilika mwaka 2003, una herufi kama bilioni 3. Mtafiti wa saratani hulinganisha herufi za uvimbe na zile za seli zisizo na ugonjwa, apate kujua zilizobadilika. Kwa kazi hiyo zinahitajika kompyuta kubwa na mafundi wa kuziendesha, na si kila hospitali inayoweza kuvimudu vyote viwili.

Ndiyo sababu mwaka 2012 ulianzishwa mtandao wa H3ABioNet, ukiongozwa na Nicola Mulder wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Mtandao huo haukuwa wa saratani peke yake. Ulikusanya taasisi za nchi mbalimbali za Afrika, Muhimbili ikiwamo, ukatoa mafunzo, programu na msaada kwa watafiti wenye maswali. Mwaka 2016 ulianza kufundisha kozi ya msingi kwa madarasa ya nchi kadhaa kwa wakati mmoja.

Sasa tumfikirie mwananchi wa Mkange, kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, aliyepelekwa Dar es Salaam kutibiwa, akaletewa karatasi ya ridhaa ili atie sahihi. Akisoma kwamba damu yake "itahifadhiwa na kutumiwa na wengine", atafikiri nini? Katika pwani hii neno mumiani, ambalo asili yake ni Kiajemi na hapo kwanza lilitaja dawa nyeusi kama lami, liligeuka kuwa jina la watu wanaodhaniwa kuwanyonya wengine damu. Hofu hiyo ilienea wakati wa ukoloni, na kumbukumbu yake haijafutika. Mfasiri aliyeandika damu mahali pa taarifa ameamsha hofu hiyo bila kukusudia. Tena amesema uongo, kwani mara nyingi kinachosafiri kwenda kwenye kompyuta ya pamoja ni herufi zilizosomwa, si damu yenyewe.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, sampuli iwe ni damu au kipande cha mwili, na data iwe ni taarifa zilizosomwa kutokana nacho. Maneno hayo yasibadilishane nafasi. Pili, tuseme huduma za pamoja, wala si huduma shirikishi. Neno shirikishi tayari lina mizigo miwili: hutaja mbinu za kuwahusisha wananchi, na katika jina la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutaja sayansi zilizo jirani na udaktari. Tatu, bayoinfomatiki ibaki kama ilivyo kwa wataalamu, lakini katika karatasi ya mgonjwa ifafanuliwe kwa sentensi nzima.

Burkitt alipata majibu kwa sababu madaktari wa mbali waliielewa barua yake. Mgonjwa wa Mkange naye anastahili kuielewa karatasi anayoitia sahihi, na wajibu huo ni wetu sisi wafasiri.