Nusu ya Kuonana: Barua na Mchukuzi Wake katika Njia ya Misafara ya Tabora

Wahenga walisema kuwa waraka ni nusu ya kuonana. Msemo huu hufundishwa kama sifa ya barua, na ni kweli kwamba unaisifu. Katika mhadhara huu napenda tuusome pia kama hesabu. Ikiwa waraka ni nusu, nusu ya pili iko wapi? Hoja yangu ni kwamba katika Tabora ya karne ya 19 nusu hiyo ilikuwa ikitembea kwa miguu, na kwamba tukiisahau hatutaelewa jinsi watu wa njia ile walivyoamini, walivyotilia shaka na walivyofasiri habari zilizowafikia kwa maandishi.

Tabora, ambayo wasafiri wa awali waliiita Kazeh, ilikuwa njiapanda. Misafara kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo na kufika Unyanyembe baada ya miezi mitatu au zaidi. Kutoka hapo njia moja ilielekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Barua zilifuata njia hizohizo, ama ndani ya mizigo ya msafara ama mkononi mwa tarishi. Nyingi za Kiswahili ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikaanza kwa salamu ndefu na kuulizana hali kabla ya kugusa jambo lenyewe. Msomaji wa leo huziruka salamu hizo akidhani ni mapambo. Kwa maoni yangu zilikuwa ni hodi. Mwandishi alibisha mlangoni, akaketi, kisha akasema shida yake, kama ambavyo angefanya angekuwapo. Tena mara nyingi aliyeandikiwa hakuwa ndiye aliyesoma: palikuwa na mjuzi wa kusoma kwa sauti, na palikuwa na mchukuzi aliyesimama kando, tayari kuulizwa yale ambayo karatasi haikuyasema.

Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vilipenda kisa cha Mwafrika anayeshangaa kuona karatasi inasema. Tukichukulie kisa hicho kwa tahadhari. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira waliozoea mapatano, hesabu na barua. Mirambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji katika vita vyake na Waarabu wa Tabora, baadaye aliwasiliana kwa barua, kwa mikono ya waandishi, na John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kustaajabia karatasi. Aliijua nguvu yake na akaitumia.

Kisa kinachotufaa zaidi kimewageuza wahusika. Tarehe 20 Oktoba 1873 Luteni Verney Lovett Cameron, kiongozi wa msafara uliotumwa kumsaidia David Livingstone, alikuwa amelala Unyanyembe, homa imemdhoofisha na macho yake hayaoni vizuri. Mtumishi wake akamletea barua. Cameron alipouliza imetoka wapi, aliambiwa tu kwamba kuna mtu ameileta. Barua ilikuwa ya Kiingereza, imeandikwa Ukonongo na Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa katika shule ya wamisionari huko Nasik, India. Ilimwarifu aliyeandikiwa kwamba baba yake amefariki ng'ambo ya nchi ya Wabisa.

Cameron aliisoma kwa taabu, asipate maana. Akaipeleka kwa daktari wake, Dillon, ambaye naye alikuwa na homa. Wakaisoma pamoja, na kila mmoja akaingiwa na wazo hilohilo: je, ni baba yangu mimi aliyekufa? Hawakuelewa mpaka alipoletwa mbele yao mtu aliyeibeba. Alikuwa ni Chuma, mfuasi wa Livingstone. Alipoonekana, maneno yote yakapata mwenyewe: marehemu ni Livingstone, aliyefariki mwezi Mei katika kijiji cha Chitambo, na wenzake wako njiani na maiti yake.

Kosa lilitoka wapi? Wainwright na wenzake walikuwa wamesikia mwezi Agosti kwamba msafara umeondoka Unguja, wakadhani unaongozwa na mwana wa Livingstone. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga, kwani Oswell, mwanawe, alikuwa kweli amefika Unguja mwaka 1872 kwa safari ya aina hiyo, iliyovunjwa. Kwa hiyo barua ilikuwa sahihi kwa msomaji ambaye hakuwapo. Waliokuwapo waliujaza ule mwanya kwa watu wao wenyewe. Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu: neno "baba" lisipokuwa na mchukuzi wa kulifungamanisha, kila msomaji hulifungamanisha na baba yake.

Livingstone mwenyewe alikuwa na tabia inayofanana na hili. Mwaka 1871 Henry Stanley alikuta Kwihara mfuko wa barua zake ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, akauchukua hadi Ujiji. Mzee yule, aliyengoja barua miaka mingi, alisoma moja mbili za watoto wake, kisha akauweka mfuko na kumtaka mgeni amweleze habari za dunia kwa mdomo. Karatasi ingesubiri, mtu aliyetoka huko ana majibu.

Waya wa simu wa Wajerumani uliofika Tabora mwanzoni mwa karne ya 20, na reli iliyofika mwaka 1912, viliharakisha habari na kumwondoa mchukuzi anayejua kilichomo. Inafaa wanafunzi wa lugha wakumbuke kwamba neno "simu" lina asili ya Kiajemi lenye maana ya waya. Kiswahili kilikiita chombo kwa uzi wake. Uzi umeondoka, jina limebaki.

Mwaka 1996 Byron Reeves na Clifford Nass wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha kitabu kinachodai kwamba binadamu huvitendea vyombo vya habari na kompyuta kama watu, bila kukusudia. Nakubaliana nao, ila ningeongeza kwamba mtu huyo tunamtoa ndani yetu. Tazameni ujumbe wa kitapeli unaojulikana na kila mwenye simu nchini Tanzania: ile hela itume kwenye namba hii. Hauna jina wala salamu. Unamfikia mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa, naye anamwona mwenye nyumba wake. Unamfikia mwenye mtoto shuleni, anamwona mwalimu. "Ile hela" hufanya kazi ileile ya "baba yako" katika barua ya Wainwright, ila safari hii mwandishi amekusudia, na hakuna Chuma anayesubiri mlangoni. Serikali ilipofunga usajili wa laini za simu kwa alama za vidole mnamo Januari 2020, ilikuwa ikimtafuta huyo mchukuzi. Alama hiyo imehifadhiwa katika kumbukumbu za usajili. Anayepokea ujumbe hana njia ya kuiona.