Beni: Vikosi Vidogo vya Ngoma na Tarumbeta katika Safari ya Kiswahili

Neno moja la Kiingereza limeingia katika Kiswahili mara mbili, na mara zote mbili limekuja na muziki. Mara ya kwanza liliingia mwishoni mwa karne ya 19, likaangusha sauti moja njiani na kuwa beni. Mara ya pili lilikuja pamoja na magitaa na kumbi za dansi, likabaki karibu na umbo lake la asili, yaani bendi. Mwanafunzi wa isimu anaweza kutosheka na tofauti hiyo ya kifonolojia. Mwanafunzi wa historia ya Kiswahili hana budi kuuliza zaidi, kwa sababu beni ilitembea mbali sana, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilitembea na lugha yetu.

Tunapofundisha kuenea kwa Kiswahili bara, tumezoea kutaja misafara ya biashara, wamisionari, utawala wa Wajerumani na shule. Sina ugomvi na orodha hiyo, ila imejaa wenye mali na wenye mamlaka. Kijana mwenye ngoma moja na filimbi hayumo.

Beni ilizaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Mifano ya kuiga ilikuwapo tele. Masultani wa Zanzibar walikuwa na bendi yao ya Wagoa, manowari za Waingereza zilitia nanga na wapiga buruji wao, na huko Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, wamisionari waliwafundisha vijana kupuliza vyombo vya shaba. Watu wa mjini walitazama gwaride, kisha wakarudi mitaani kuunda la kwao. Lakini hawakuunda moja. Ngoma za pwani tangu zamani zilikuwa za mashindano, mtaa kwa mtaa, chama kwa chama, na beni ikaingia katika desturi hiyo bila taabu. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Mmoja akitoka na sare mpya, mwenzake hana budi kutoka na sare nzuri zaidi. Huyu akichinja mbuzi, yule atafute ng'ombe, na madeni yatajulikana baadaye.

Tanganyika jozi iliyopata umaarufu ilikuwa Marini na Arinoti. Marini walijinasibu na wanamaji, wakajiona watu wa mjini waliostaarabika; Arinoti walikuwa na wafuasi wengi miongoni mwa watu wa kazi za kawaida. Kila upande ulikuwa na matawi katika miji mbalimbali, na kila tawi lilikuwa na vyeo vyake, vya wanaume na vya wanawake. Vyeo hivyo havikuwa mapambo matupu. Chama kilikusanya michango, kikamzika mwanachama aliyefariki, kikampokea mgeni. Mtu wa Marini aliyehamia mji asioujua aliweza kuwatafuta Marini wenzake na kupata pa kulala. Lugha ya kujitambulisha kwao, ya kuandikiana barua na ya kuwatukana wapinzani ilikuwa Kiswahili.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari wa pande zote mbili walicheza beni makambini, na wapagazi wakaicheza pia. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetuhifadhia kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao. Beni ni kumbukumbu yao nyingine, nayo haikuwekwa ramanini. Vita vilipokwisha mwaka 1918, waliosalimika walirudi kwao Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Wengi walirudi mikono mitupu, lakini gwaride walikuwa wanalijua.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu hapa beni inakuwa ndogo. Mombasa na Lamu walikuwapo matajiri wa kununua tarumbeta. Kijijini kando ya Ziwa Nyasa nani angenunua? Watu walifanya walichoweza. Walichukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui, na mchezaji akiimba ndani yake sauti hutoka ikikwaruza kama ya shaba. Ngoma hiyo huitwa malipenga, na pengine mganda. Ngoma kubwa moja, vibuyu vya ukubwa mbalimbali vikigawana sauti nene na nyembamba, safu za vijana wanaotembea kijeshi, basi kikosi kimekamilika. Kijiji hualika kijiji kingine, na mashindano huanza.

Wapo wanaosema kwamba haya yote yalikuwa kumwiga Mzungu. Nadhani wanaosema hivyo hawajahesabu watu. Mwaka 1951 mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell alitazama kikosi cha kalela, ambayo ni ndugu mdogo wa beni, katika mji wa migodi wa Luanshya. Kilikuwa na wachezaji 19 hivi, vijana wa Kibisa, wengi wao vibarua. Ngoma zao tatu zilitengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Ndani ya kikundi hicho kidogo alikuwamo mfalme, alikuwamo daktari aliyevaa joho jeupe, na alikuwamo nesi, mwanamke pekee, aliyepita katikati ya wachezaji na kioo na kitambaa ili kila mmoja ajitazame na kujifuta jasho. Siku za kazi hawa walikuwa watu wa kuamrishwa. Jumapili mchana walikuwa na mfalme wao na daktari wao, na mtu wa kuhakikisha kwamba wako nadhifu. Ukubwa wa bendi si hoja hapo. Kikosi kikiwa kidogo, kila mtu hupata kazi inayoonekana, na asipofika pengo lake huonekana.

Lakini kalela inatufundisha jambo jingine ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili hatupendi sana kulisikia. Nyimbo za kikosi hicho ziliimbwa kwa Kibemba cha mjini. Beni ilikuwa imevuka hadi Rhodesia ya Kaskazini, ikaitwa mbeni, na baadhi ya maneno ya vyeo yakavuka nayo, lakini mtunzi aliyetaka kumchoma mpinzani alihitaji lugha ambayo umati wa Luanshya ungeicheka papo hapo. Wimbo wa mashindano hauna subira ya tafsiri. Kwa hiyo Kiswahili kilisafiri na ngoma hadi pale kilipokuwa na wasikilizaji, kisha ngoma ikaendelea na safari bila ya Kiswahili. Ningependa wanafunzi wetu wauchukue mfano huo kila wanapoandika kwamba lugha fulani "ilienea". Ilienea kwa nani, na nani alikuwa akicheka?

Kwa bahati mbaya, waliotuandikia habari za beni kwa wingi zaidi ni waliokuwa na shaka nayo. Mwaka 1919 maofisa wa Kiingereza waliichunguza, wakihofia kwamba matawi yale na vyeo vile vilificha njama ya Waafrika au ya Waislamu dhidi ya serikali. Njama hawakuipata. Wamisionari wengi waliilaumu kwa ubadhirifu na kwa kuwatoa vijana kanisani. Mwaka 1935, baada ya mgomo wa migodi ya shaba ambapo watu sita waliuawa Luanshya, tume ya uchunguzi iliulizia pia habari za vyama vya mbeni. Terence Ranger, aliyefundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alikusanya kumbukumbu hizo na ushuhuda wa wazee akachapisha kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Kitabu hicho ni hazina, lakini kiliandikwa kwa Kiingereza na mwanahistoria. Wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili hatukuwa na haraka hiyo, na waimbaji hawakutungoja.

Beni yenyewe ilipungua nguvu pale vijana wa mjini walipoanza kuiona ya kizamani. Mwaka 1932 Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa, dansi ikawa ndiyo alama ya ustaarabu, na klabu za mpira zikachukua sehemu kubwa ya ule ushindani wa mitaa. Hata hivyo haikufa. Unguja ingali inasindikiza harusi barabarani. Niliisikia nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili: tarumbeta, tromboni, ngoma kadhaa, na kundi la wanawake wakiitikia. Wapigaji hawakutosha kujaza daladala moja. Nilitembea nyuma yao mitaa mitatu nikijaribu kuandika vijembe, na kila nilipomaliza mstari mmoja walikuwa wamekwisha kuacha wimbo ule na kuanza mwingine.

Kwenye fukwe za kaskazini mwa Malawi malipenga nayo ingali hai, na kila kikosi huitwa boma. Neno hilo tunalijua sote. Boma ni ngome, na wakati wa ukoloni ndipo alipokaa mkuu wa wilaya. Kikundi cha vijana wenye vibuyu kujiita boma ni jambo linalostahili tasnifu. Mwanafunzi atakayeifuatilia aanze na wazee, awaulize maswali madogo: kikosi chenu kilikuwa na watu wangapi, wewe ulikuwa na cheo gani, amri zilitolewa kwa lugha gani, na wimbo upi uliwafanya wapinzani wenu waondoke uwanjani kabla ya jua kuchwa. Swali la mwisho aliulize akiwa na kinasa sauti mkononi.