Moshions na Mavazi ya Kigali

Moses Turahirwa, aliyesomea uhandisi wa ujenzi, alianzisha nyumba ya mitindo ya Moshions jijini Kigali mwaka 2015. Mapambo yake mengi yana asili katika imigongo, sanaa ya Gisaka, mashariki mwa Rwanda: samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kuwa matuta juu ya ubao, kisha hupakwa rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kwenye nguo, pembe kali za sanaa hiyo hutariziwa kwa uzi na shanga, kazi ya mkono inayostahili bei yake ya juu. Mwaka mmoja baada ya Moshions kuanzishwa, 2016, serikali ya Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo ili kuinua viwanda vya ndani. Marekani, muuzaji wa mitumba, ikajibu mwaka 2018 kwa kuziondolea nguo za Rwanda msamaha wa ushuru. Aliyebanwa zaidi na ushuru wa mitumba ni mnunuzi wa kipato cha chini, kwani vazi la anasa kama la Moshions halizibi pengo la mtumba.