Vikwembe vya mji wa shaba

Katika masoko ya Lubumbashi, mama anayejua nguo haanzi kwa kuuliza bei. Anashika pindo la kitambaa, anakisogeza machoni na kusoma maandishi madogo yaliyochapwa ukingoni: ni waksi ya Uholanzi, ni ya kiwanda cha Kisangani, au ni nakala kutoka China? Halafu anakigeuza. Waksi halisi haina mgongo wala tumbo, rangi imezama pande zote mbili, na ile mistari myembamba kama mishipa, iliyoachwa na nta ilipopasuka kiwandani, haifanani kutoka ua moja hadi jingine. Akisharidhika ndipo anauliza jina la kikwembe, kama kitambaa hicho kinavyoitwa hapa. Bei inakuja mwisho.

Ustadi huu haufundishwi shuleni. Unarithiwa kwa mama, shangazi na majirani, na umekuwepo Lubumbashi tangu mji ulipokuwa kambi za wachimbaji. Vitabu vya historia ya mji huu vimejaa wahandisi, magavana, makandarasi na wafanyakazi wa tanuru. Wanawake wanatajwa kama wake wa fulani. Lakini ukitaka kujua ni lini kambi ile iligeuka kuwa mji, mahali ambapo watu wanazaliana, wanaoana, wanazikana na kujiita wenyeji, wanawake na vikwembe vyao watakueleza zaidi ya daftari za kampuni.

Mwanzo ulikuwa wa wanaume peke yao. Kampuni ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Mwaka 1910 reli iliingia kutoka Rhodesia na mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa. Mwaka uliofuata tanuru likatoa shaba ya kwanza. Wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, wakalala katika mabweni na kurudi kwao walipomaliza muda, kama hawakufa kwa homa ya mapafu au kuhara. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilipiga hesabu upya. Kuleta watu wapya kila mara kulikuwa ghali, na Rhodesia ilianza kuwahitaji watu wake kwa migodi yake yenyewe. Kwa hiyo ikaja mikataba ya miaka mitatu, na mfanyakazi akahimizwa aje na mke. Kampuni ilikuwa tayari hata kumkopesha mahari. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa nguzo ya siasa hiyo, hakuficha sababu: mwanamume mwenye mke anakula vizuri, haugui ovyo, hatoroki, na watoto wake ni wafanyakazi wa kesho.

Hivyo mwanamke aliingia kambini kama sehemu ya mpango wa uzalishaji. Alipewa posho yake: unga, samaki, maharagwe, mafuta, chumvi. Alipeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Na alitakiwa aende kwenye chumba cha kushonea, ambako watawa na wanawake wa Kizungu walimfundisha kukata nguo, kutumia cherehani, kupiga pasi na kupanga nyumba. Kusudi lilikuwa kumfanya mama wa nyumbani kwa kipimo cha Ubelgiji, anayemngojea mumewe akiwa na meza iliyotandikwa. Hakuna aliyefikiri kwamba kumfundisha mwanamke kushona ni kumpa ufundi ambao siku moja ungemlisha yeye na huyo mume.

Kambini walikutana wanawake waliokuwa hawajawahi kuonana: Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga, Wabemba, Walunda, Wasanga, watu wa Maniema, hata wa Ruanda-Urundi. Kila mmoja alikuja na lugha yake na desturi zake. Kiswahili kikawa lugha ya kambi, na kikwembe kikawa vazi lao wote. Kitambaa chenyewe kilikuwa kigeni kabisa. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa Helmond nchini Uholanzi mwaka 1846, ilikuwa ikiiga batiki ya Java kwa mashine; mali hiyo ilipata wapenzi wake Afrika. Madukani Élisabethville aliyeipima kwa yadi mara nyingi alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes au Mgiriki. Wanawake wa Katanga walikichukua kitambaa hicho na kukipa kazi ambayo mtengenezaji hakuikusudia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusema nani ni nani. Yadi 6 zinatoa vikwembe 3. Kimoja kinashonwa blauzi, cha pili kinafungwa kiunoni hadi kwenye vifundo vya miguu, cha tatu kinakunjwa na kuzungushwa juu ya kile cha pili. Hicho cha tatu ndicho kinachosema: mwenye kukifunga ni mama, ameolewa, ana heshima yake. Binti anafunga kimoja. Mjane, mama mkwe, mama aliyejifungua juzi, kila mmoja ana namna yake, na mtaani Katuba au Kamalondo watu wanaisoma kwa mbali kabla hata ya kusalimiana.

Serikali ya kikoloni nayo ilisoma mavazi, ila kwa jicho la mkaguzi. Mwaka 1948 ilianzisha cheti cha sifa ya uraia kwa Wakongo waliohesabiwa kuwa wameendelea, na 1952 ikaongeza hadhi ya juu zaidi. Mwanamume aliyeomba alitembelewa nyumbani. Wakaguzi walitazama kama mke anakula mezani na mumewe, kama kuna vijiko, kama watoto wana viatu. Cheti kikatoka kwa jina la mume, ingawa mtihani ulifanywa na mke jikoni mwake. Ni dhuluma ambayo bado haijaandikwa inavyostahili.

Kazi ya pili ya kikwembe ni kusema yale ambayo mdomo hauthubutu, na hapa ndipo majina yanapoingia. Kiwanda kinatoa kitambaa chenye namba. Wauzaji na wanunuzi wanakipa jina, na jina likishika soko, mauzo yanapanda. Kote Kongo, kama Togo na Côte d'Ivoire, kuna “Mon mari est capable”, mume wangu anaweza, kikwembe cha mke anayetaka mtaa ujue kwamba nyumbani kwake hakukosekani kitu. Kuna “L'œil de ma rivale”, jicho la mke mwenza. Kuna kile cha ndege na tundu lililo wazi, “Si tu sors, je sors”: ukitoka, nami natoka. Mama anakivaa Jumapili, anapita mbele ya mumewe bila neno, na ujumbe umefika. Kuna pia “Six bougies”, plagi sita za injini, kilichomtangaza mvaaji kuwa na uwezo wa kumiliki gari la silinda sita. Katika mji ambao mshahara wa kampuni uliingia mfukoni mwa mwanamume, kikwembe kama hicho kilikuwa tamko zito.

Wanawake wa pwani watatambua mchezo huu mara moja. Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alijulikana kwa leso zenye maneno, na mafumbo yakachapwa wazi kwenye kitambaa. Vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake ya mji huohuo, vilishindana kwa sare, nyimbo na karamu. Mbeni, ngoma ya gwaride iliyoanzia pwani, ilisafiri na wafanyakazi ikafika Élisabethville. Tofauti na leso ni kwamba kikwembe cha Katanga hakina maandishi ya fumbo. Jina lake liko kinywani mwa wanawake tu, na mgeni aliyepita njia haambulii kitu.

Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi. Union Minière ikataifishwa na hatimaye kuitwa Gécamines. Rais Mobutu alipotangaza siasa ya uhalisi, wanaume wakavuliwa tai na wanawake wakakatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Kikwembe kikawa amri. Chama chake kikagawa vitambaa vyenye sura ya Rais, na wanawake wakatakiwa kucheza mbele ya wageni wa serikali wakiwa wamejipanga mistari. Nguo waliyoichagua wenyewe kwa miaka 40 ikageuzwa sare ya dola. Amri ya mavazi ililegezwa Mobutu alipokubali vyama vingi, tarehe 24 Aprili 1990. Suruali zikarudi mitaani, lakini kikwembe hakikuondoka na chama kilichokilazimisha, na hilo linaonyesha kilikuwa mali ya nani tangu mwanzo.

Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa karibu tani 30,000 tu mwaka 1994. Mishahara ikakoma kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza jinsi baba aliyezoea kulisha nyumba nzima kutoka ghala la kampuni alivyopoteza sauti mezani. Mama ndiye aliyetoka. Aliuza mkaa, mikate, samaki wakavu, mafuta kwa vikombe. Aliyejua cherehani akaiweka barazani. Na sanduku la vikwembe, lililojazwa kwa harusi, uzazi na sikukuu, likafunguliwa na kuuzwa kimoja kimoja ili watoto wapate ada na bukari, yaani ugali.

Wengine walifika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako kitambaa hichohicho kinaitwa chitenge, wakavuka na marobota. Wakati huo Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke awe na ruhusa ya mumewe hata kufungua kesi mahakamani. Kifungu hicho kilibadilishwa 2016 tu. Biashara kubwa ya vitambaa ya Lubumbashi ilijengwa na wanawake ambao kisheria walihesabiwa nusu ya mtu mzima. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoagwa kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, nyumba nyingi zilikuwa zimeshazoea kutegemea mkoba wa mama.

Kikwembe, vazi lao wote, hakikuzuia kila baya. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, wakiwemo waliozaliwa kambini na kuvaa sare moja na majirani zao katika misiba na harusi.

Leo sare ndizo zinazoonekana zaidi. Familia ya bwana harusi ina kitambaa chake, ya bibi harusi chake. Matanga yana chake. Akina mama Wakatoliki wanavaa sura ya Anuarite Nengapeta, aliyetangazwa mwenyeheri tarehe 15 Agosti 1985. Tarehe 8 Machi mji mzima unavaa kitambaa cha Siku ya Wanawake, na kila mwaka ubishi unarudi: wanaharakati wanalalamika kwamba hotuba za haki zinamezwa na pilikapilika za mafundi. Wana hoja. Lakini mwanamke asiye na kiti popote anajihesabu siku hiyo barabarani pamoja na maelfu, na hilo lisidharauliwe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi uliwaomba wakazi walete vitu vyao vya zamani na masimulizi yake, na mwaka 2002 kikatoka kitabu kizima juu ya wanawake, mitindo na muziki wa mji, kilichohaririwa na Violaine Sizaire. Kazi hiyo iendelezwe mapema, maana waksi za zamani zinachanika na kuwa nguo za kubebea watoto, na nakala za bei rahisi zimejaa sokoni bila majina yoyote. Jumba la makumbusho la Lubumbashi lina misalaba ya shaba iliyotolewa mahari na mababu. Pembeni yake pawekwe vikwembe vya kambini, vya chama, vya 8 Machi na vile vilivyonusurika kuuzwa miaka ya 1990, na kila kimoja kiandikwe jina lake la sokoni pamoja na maelezo ya waliokifunga, wangali hai kuyatoa.