Misimu Isiyo na Mtaa: Mwanafunzi wa Kiingereza Gitaza

Gitaza, kando ya barabara ya RN3 inayofuata ziwa kutoka Bujumbura kwenda Rumonge, samaki wadogo wa Tanganyika huitwa ndagala. Kigoma, samaki haohao ni dagaa. Mchuuzi anayejua pande zote mbili humtazama mnunuzi kwanza, ndipo achague jina. Hakuna mwalimu aliyemfundisha.

Ujuzi huo huachwa mlangoni somo la Kiingereza linapoanza. Lugha hiyo haikufika hapa kupitia vibaraza. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wakati Kiingereza kilikuwa ndiyo lugha rasmi ya Jumuiya. Mwaka 2014 sheria ikakipa hadhi rasmi nchini pia, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Ni lugha iliyoletwa na ofisi, mpaka na mtaala. Misimu yake, kwa upande mwingine, huja kwenye simu, ndani ya nyimbo na filamu, ikitoka mitaa ambayo mwanafunzi hajapata kuikanyaga.

Walimu wengi hujibu kwa kuipiga marufuku yote, na hapo huchanganya mambo. "Gonna" si msimu. Ni "going to" iliyolainishwa na ulimi, na hata msomi wa London huitamka hivyo akiwa na haraka. Asiyeizoea atashindwa kufuata mazungumzo ya kawaida kabisa. Mahali pake si kwenye barua ya kuomba kazi, basi. Tena misimu haikai ilipozaliwa: "OK" ilichapishwa Boston mwaka 1839 kama mzaha wa magazeti, na leo wazee wetu huitumia bila kujua kwamba ilikuwa utani.

Msimu halisi ni kitu kingine. Ni alama ya wenyewe kwa wenyewe. Kijana akimwambia ofisa wa mpakani "bro", sarufi haina kosa. Kosa ni kudai udugu ambao hajapewa. Kiingereza sanifu kina faida hii kwa mgeni: hakidai undugu na yeyote, na makosa yake husameheka haraka.

Kwa hiyo masikio yatangulie ulimi. Mwanafunzi aielewe misimu mapema, aitumie akishapata wenzake wanaoitumia, na aanze na ya jirani. Mganda akimwambia rafiki "You are lost", hamaanishi kwamba kapotea njia. Ni "umepotea" yetu ya kumlaumu kwa upole asiyeonekana siku nyingi. Mtu wa Gitaza huipata papo hapo. Mwingereza ataulizia ramani.

Baadhi ya Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walihamishiwa Marekani baadaye, na watoto wao wamekua na misimu ya huko. Binamu aliyebaki ziwani, akipigiwa simu, anahitaji kuielewa yote. Kujibu, anaweza kujibu kwa Kiingereza chake cha shule, au kwa Kirundi.